Simu, darubini na maji ya bamvua: ninavyopiga picha za ndege Mida

Ukitaka picha nzuri ya ndege wa pwani kwa simu iliyoshikizwa kwenye darubini, anza na mwezi wa angani, maana ndio unaoyaongoza maji. Mimi nilianza na vifaa, na miezi mitano ya mwanzo nilikuwa nikirudi nyumbani kutoka hori ya Mida, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, na picha za vivuli. Siku moja mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa akishona nyavu zake kando ya mikoko, aliniuliza, "Mwanangu, mbona kila siku waja maji yakiwa yamekupwa?" Nikamwambia ndege wote wako nje wakati huo, wanakula. "Wako nje, lakini wako kule," akanionyesha kwa kidole. "Ngoja maji yakuletee."

Shikamoo yangu kwa mzee yule haijaisha hadi leo, maana neno lake lilinifaa kuliko kifaa chochote nilichowahi kununua.

Mida iko kati ya Watamu na Gede, kaunti ya Kilifi, Kenya. Maji yakipwa, tope na mchanga hutandaa mbali sana, na ndege hutawanyika humo hadi unawaona kama punje za pilipili manga. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukipevuka, maji ya pwani yetu hukupwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, kisha hujaa alasiri karibu saa kumi, na ndani ya hori huchelewa kidogo. Fika saa saba na nusu. Keti. Maji yanavyopanda, mafungu ya mchanga yanazama moja baada ya jingine, na ndege wanarudi nyuma hatua kwa hatua, upande wako. Jua nalo liko mgongoni kwako, linawamulika wao. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, usijisumbue, hayana nguvu ya kuwasukuma. Na kumbuka kwamba kila siku maji huchelewa kama dakika 50, kwa hiyo muda uliokufaa jana si wa kuunakili leo bila kufikiri.

Sasa vifaa. Darubini ninayoizungumzia si ile ya macho mawili ya kuning'iniza shingoni. Ni ile ndefu ya jicho moja inayokaa juu ya stendi ya miguu mitatu. Yangu ina lenzi ya mbele yenye kipenyo cha milimita 65, na lenzi ya jicho inakuza kuanzia mara 20 hadi mara 60. Niliinunua mkononi kwa mtu, ikiwa imeshatumika miaka mingi, na bado inanitosha.

Kushikiza kamera kwenye darubini ya namna hii kulipata umaarufu kuanzia mwaka 1999, pale mpenzi wa ndege wa Malaysia, Laurence Poh, alipoweka kamera ndogo ya dijitali, Nikon Coolpix 950, kwenye jicho la darubini yake na kupata picha zilizowashangaza wenzake. Siri ilikuwa udogo wa lenzi ya kamera ile. Lenzi ya simu ni ndogo zaidi, ndiyo maana leo simu inaifanya kazi hiyo vizuri hivyo. Wenye kamera kubwa za kubadilisha lenzi nao wanaweza, wakitumia lenzi fupi isiyovuta, lakini uzito unaotundikwa nyuma ya darubini ni mkubwa na mimi niliacha mapema.

Ukielewa jambo moja, nusu ya matatizo yanaondoka. Mwanga hauingii kwenye simu kupitia kioo chote cha jicho unachokiona. Unatoka kama mwale mwembamba, na unaweza kuupigia hesabu: gawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji. Milimita 65 kwa mara 20 ni milimita tatu na robo. Milimita 65 kwa mara 60 ni milimita moja na ushee tu. Lenzi ya simu yako lazima ikae palepale mwale unapopita, katikati kabisa, na kwa umbali unaofaa kutoka kwenye kioo. Ikienda kando hata kidogo, unapata kile kivuli cheusi mfano wa mwezi uliokatwa. Ikiwa karibu mno au mbali mno, unapata duara dogo la picha katikati ya giza.

Ndiyo sababu usishike simu kwa mkono. Utapata picha moja kati ya hamsini, na mkono utachoka kabla ndege hawajafika. Tafuta adapta. Ziko za aina mbili: ile inayobana simu yoyote na kurekebishwa kwa skrubu, na ile iliyotengenezwa kama kava ya simu ya aina moja tu. Ya kwanza ni rahisi kupata na inakufuata ukibadilisha simu. Ya pili inakaa imara zaidi. Vyovyote, pima kwanza kipenyo cha nje cha jicho la darubini yako kwa milimita. Mimi niliamini maneno ya muuzaji mmoja kwamba adapta yake "inaingia darubini zote", nikailipia, ikafika, ikawa inacheza kama pete ya mtu mwingine. Niliizungushia ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli hadi ikakaza, na ilinifanyia kazi mwaka mzima, lakini zile wiki mbili za kubahatisha zingeniepuka kwa rula tu.

Irekebishe nyumbani, mchana, ukilenga kitu kisichosogea. Mimi hulenga kole la mnazi wa jirani. Angalia simu yako ina lenzi ngapi nyuma, kisha linganisha jicho la darubini na ile kuu, au ile ya kuvuta karibu kama unayo. Kuna mtego hapa uliopoteza mchana wangu mzima: simu nyingi za sasa zikiona kioo kiko karibu sana hudhani unapiga picha ya ua au mdudu, zinahamia lenzi nyingine zenyewe, na skrini yote inageuka nyeusi. Unaanza kulaumu adapta. Ingia kwenye mipangilio, zima uhamaji huo. Kisha vuta kwenye simu hadi mara mbili hivi, na kile kivuli cha pembeni kitatoka nje ya picha.

Sasa nije kwenye kosa ninaloliona kwa karibu kila anayeanza, na ambalo nililifanya kwa bidii kubwa: kukuza mpaka mwisho. Una darubini ya mara 60, ndege yuko mbali, mkono unakwenda wenyewe. Usikubali. Kutoka mara 20 hadi mara 60, mwanga uleule unatandazwa juu ya eneo kubwa mara tisa, kwa hiyo kila sehemu ya picha inabaki na sehemu moja ya tisa ya mwanga wa awali. Simu inajaribu kufidia kwa kupokea mwanga wa kila picha kwa muda mrefu zaidi, na muda huo ndege ameshageuza shingo, upepo umeshatikisa stendi. Alasiri yangu ya kwanza nilipiga picha mia mbili kwa mara 60. Sikuhifadhi hata moja. Lenzi kuu ya simu nyingi inalingana na lenzi ya milimita 26 kwa hesabu za wapiga picha, yaani urefu wa fokasi, si kipenyo. Zidisha kwa 20, unapata 520, na ukivuta mara mbili kwenye simu ni zaidi ya elfu moja. Hiyo ni nguvu ambayo wenye kamera za kitaalamu huilipia pesa nyingi mno. Baki hapo. Kama ndege bado ni mdogo, maji yanapanda, mngoje.

Kuna kitu kingine kinachoongezeka pamoja na ukuzaji, nacho ni mazigazi. Tope likishapata jua la saa sita, hewa juu yake inacheza, na ukichungulia utaona miguu ya ndege inayumba kama moshi wa jiko. Hakuna lenzi ya kuliponya hilo. Ukiona hivyo weka simu mfukoni, tazama tu kwa macho, jifunze tabia zao. Maji yakishafunika tope hali inatulia.

Stendi isimame chini. Vuta miguu iwe mifupi, keti kwenye ndoo au gogo, na utundike mkoba wako katikati ya stendi uwe uzito, hasa miezi ya kusi ambapo upepo haupumziki. Kwenye tope laini, mzee yule yule alinipa vifuu vitatu vya nazi: kila mguu wa stendi ndani ya kifuu chake, na hauzami tena. Usiguse skrini kupiga picha, maana mguso wako unatikisa kila kitu. Weka kihesabu cha sekunde mbili, au chomeka zile spika za masikioni za waya na ubonyeze kitufe cha sauti. Kwenye simu nyingi kinapiga picha.

Kumpata ndege ndani ya darubini ni taabu mwanzoni. Funga kamba ya plastiki ya kukazia nyaya kuzunguka bomba la darubini, uache ncha yake imesimama juu kama kionea cha bunduki. Linganisha ncha na ndege, chungulia, yumo.

Ndege wa Mida ninayempenda kuliko wote ni yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene kama nyundo, jina lake la kisayansi Dromas ardeola. Mimi humwita mla-kaa, kwa sababu ndicho chakula chake. Weupe wake utakufundisha mwanga. Simu ikiona tope la kijivu imejaa skrini, inaongeza mwanga wa picha nzima, na ndege anakuwa doa jeupe lisilo na manyoya. Gusa mwili wa ndege kwenye skrini, shikilia mpaka fokasi na mwanga vifungwe, kisha ushushe mwanga mpaka uone mistari ya mabawa. Tope likiwa giza kidogo, haidhuru. Kwa yangeyange fanya vivyo hivyo. Kwa sululu na chamchanga, ambao rangi yao ni ya tope lenyewe, huhitaji kushusha sana.

Usisahau video. Ndege anayekula hatulii, na kati ya picha zangu bora kadhaa ni fremu nilizozitoa kwenye video. Mwezi wa tatu mmoja nilimwona mla-kaa mwenye pete mguuni. Mida kuna kazi ya miaka mingi ya kuvisha ndege pete, inayofanywa na shirika la A Rocha Kenya lililoko Watamu, na pete isiyosomwa haisemi kitu. Kwenye picha nilipata herufi moja, nyingine ilikuwa upande wa nyuma wa mguu. Nikawasha video, nikasubiri ageuke. Aligeuka mara moja tu. Nyumbani nilisogeza fremu moja moja hadi herufi zote zikasomeka, nikazipeleka zinakohusika. Kwa kazi kama hiyo hata fremu yenye ukungu ina thamani.

Chumvi ni adui wa vioo. Ukitoka baharini usikimbilie kitambaa, chembe za chumvi na mchanga zitakwangua lenzi. Puliza, pangusa kwa brashi laini, kisha kitambaa kilicholoweshwa maji baridi yasiyo na chumvi, mwisho kikavu. Hifadhi darubini kwenye kopo linalofunga kabisa, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, la sivyo joto la pwani litaotesha ukungu ndani. Na kamwe usielekeze darubini kwenye jua, iwe kwa jicho au kwa simu.

Nimeacha la mwisho jambo ambalo nisingeweza kulinyamazia. Usiwasogelee. Mtu mwenye simu peke yake hulazimika kutembea kuelekea kwa ndege, kundi linaruka, linatua mbali, anafuata tena. Mwezi wa tatu na wa nne ndege hawa wanakula kwa ajili ya safari. Wako chamchanga wanaokwenda kutaga Siberia. Mla-kaa huenda pwani na visiwa vya Oman na Ghuba, njia ileile ya majahazi ya zamani, akachimba shimo kwenye mchanga na kutaga humo, joto la mchanga likimsaidia kuatamia. Kila mara unapomrusha, unamnyang'anya mafuta ya safari. Darubini imekupa nafasi ya kukaa mbali, itumie.

Wakirejea, kuanzia mwezi wa nane, wanakuja na makinda yao, yenye mgongo wa kijivu, na huendelea kuyalisha huku kwetu kwa miezi. Picha ninayoithamini kuliko zote niliipata alasiri ya bamvua, saa tisa na nusu, kwa mara 20. Mama au baba, siwezi kuwatofautisha, amesimama ukingoni mwa maji na kaa mdomoni, na kinda amejikunja mbele yake, kichwa chini, akiomba. Nilikuwa nimeketi pale saa mbili bila kuinuka. Maji yalikuwa yamefika hatua chache kutoka kwenye vifuu vyangu, na wao hawakunitazama.