Neno lile la msibani

Bwana Yesu asifiwe, mhariri. Wiki iliyopita mliuliza: "Mkristo afanye nini ili mateso yasimpotezee imani?" Nililisoma swali hilo Jumapili jioni nikaweka jarida pembeni, lakini usingizi haukuja. Kusema kweli sina jibu la mnachouliza. Nina jambo la kusema kuhusu sisi tunaokwenda kuhani, kwa sababu nimeona kwa macho yangu mtu akitikiswa na maneno ya waliokuja kumfariji kuliko alivyotikiswa na msiba.

Neno lenyewe mnalijua: kazi ya Mungu haina makosa. Nendeni msiba wowote, Bukoba hadi Mtwara, mtalisikia kabla hamjaonyeshwa pa kukaa.

Kwetu ni Kagera, kijiji kilicho juu ya Kemondo. Watu wa kwetu hawahitaji kusimuliwa habari za mateso. Vita vya Amin vilipita kwetu, Ukimwi ukafagia nyumba nzima nzima, tetemeko likaja 2016, ndege ikaanguka ziwani 2022. Mimi nitabaki kwenye Mei 1996, nilipokuwa na miaka 15.

Kaka yangu alipanda MV Bukoba pale Kemondo usiku wa tarehe 20. Alikuwa anakwenda Mwanza kutafuta kazi. Mama alimfungia kahawa za kutafuna kwenye jani kavu la mgomba, za kumpa mwenyeji wake asifike mikono mitupu. Asubuhi ya tarehe 21, Mwanza ikiwa karibu, meli ilipinduka. Sisi tulisikia kwenye redio ya jirani. Baba na baba mdogo walikwenda kwa njia ya barabara, wakakaa huko siku tisa wakitazama maiti, mmoja baada ya mwingine. Hawakumwona. Wengi walizikwa pamoja Igoma. Huenda yumo, huenda hakuwahi kutoka majini.

Lipo jambo ambalo baba hakutaka mama alijue, akaambiwa na watu wengine. Meli ilipokuwa bado inaelea kichwa chini, waliokuwa ndani walisikika wakigonga chuma. Ikatobolewa ili waokolewe, hewa ikatoka, ikazama nao. Mama alipoelezwa hayo aliuliza swali moja tu: "Na yeye alikuwa anagonga?" Hakuna aliyemjibu. Nani angemjibu?

Matanga yalikuwa ya ajabu kwa kuwa hapakuwa na maiti wala kaburi. Kwetu mtu huzikwa kibanjani, kati ya migomba, mkamwona kila mnapokwenda kukata ndizi. Wazee wa ukoo walishauri tuchimbe kaburi hivyo hivyo tuweke nguo zake. Mama alikataa, akasema hazikwi shati. Nyasi zilikuwa zimetandazwa sebuleni, wanawake wamemzunguka. Mzee mmoja wa kanisa akasimama, akatusomea Ayubu, Bwana alitoa na Bwana ametwaa, akamalizia na neno lile. Mama aliinua kichwa. Alikuwa hajazungumza tangu asubuhi. Akamwambia, kwa adabu kabisa, "Mzee wangu, kama haya si makosa, makosa yanafananaje?"

Kilichofuata bado kinaniuma. Alikemewa. Aliambiwa anamkufuru Mungu mbele ya wafiwa, yeye ambaye ndiye mfiwa. Kuna waliosema amechanganyikiwa, kuna waliosema apelekwe ndani akaombewe. Mama akanyamaza, na hapo wote wakatulia, wakaona amefarijika.

Miaka miwili alikwenda ibadani kila Jumapili akikaa benchi la nyuma, kitabu cha nyimbo kimefungwa mapajani. Hakuimba hata ubeti.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema neno hilo lipigwe marufuku misibani, na sababu ninazo. Meli ile ilikuwa ya abiria 430, ikajazwa kupita uwezo wake. Hiyo ilikuwa kazi ya wanadamu, na makosa yalikuwemo. Tunapomtwika Mungu makosa ya watu kisha tukamtangaza hana makosa, tumewasafisha waliokosea, na mfiwa tumemziba mdomo. Tena Ayubu alisema yale maneno kwa kinywa chake mwenyewe, juu ya watoto wake mwenyewe. Hakuna aliyemjia nayo. Rafiki zake walipofika walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kumwambia neno. Walipofungua vinywa ndipo walipoharibu, na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao na kusema Ayubu ndiye aliyenena yaliyo sawa. Ayubu yule yule aliyelaani siku aliyozaliwa!

Mwaka 1998 tuliletewa mchungaji mpya, kijana. Alikuja nyumbani alasiri moja, akapewa kiti barazani. Nilijua atamwambia mama kwamba dhiki huleta saburi, na mama alijua pia, maana alikuwa amekunja mikono. Kijana akauliza kama anaweza kusoma, akafungua Zaburi ya 88. Sikuwa nimewahi kuisikia. Mtu anamlilia Mungu mchana na usiku, anamwambia umenitesa kwa mawimbi yako yote. Mama aliposikia mawimbi alikunjua mikono. Mchungaji akasoma mpaka mstari wa mwisho, ule unaoishia gizani, akafunga Biblia.

Mama akauliza, "Imeishia hapo?"

"Imeishia hapo, mama."

"Hakuna kingine chini?"

"Hakuna."

Akamwomba airudie. Mchungaji akasoma tena yote, akanywa chai, akaaga. Hakuhubiri. Jumapili iliyofuata mama alifungua kitabu cha nyimbo. Sidai zaburi ilimponya. Ninachojua ni kwamba aliiona Biblia ina nafasi ya mtu anayeuliza kama alivyouliza yeye, wala mtu huyo hafukuzwi, na kilio chake kimehifadhiwa pamoja na zile za kushukuru.

Ningeishia hapo kama si tetemeko. Lilikuja Jumamosi alasiri, tarehe 10 Septemba 2016. Sisi tulipoteza jiko na ukuta mmoja. Jirani yetu alipoteza mjukuu. Nilipofika kutoka Mwanza nilimsindikiza mama kwenda kuhani. Tukakaa muda mrefu, mama amemshika yule bibi kiganja. Halafu nikamsikia akimwambia, polepole, "Kazi ya Mungu haina makosa, mwenzangu." Mama yangu! Na yule bibi akamwegemea, akalia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu tufike.

Njiani nilishindwa kujizuia. Nikamwuliza, mama, si ndilo neno lililokuumiza wewe? Akatembea kidogo kabla ya kujibu. "Ndilo. Lakini mimi anaweza kunikatalia. Anajua sitamkemea."

Kwa hiyo, mhariri, siombi tena lipigwe marufuku. Nimekaa na maneno ya mama miaka mingi sasa na naona yeye ndiye aliye sahihi, ingawa moyo wangu haujatulia kabisa. Neno hilo ni la kweli likitoka kwa mtu aliyekwisha kulipigania, na kwa sharti kwamba anayeambiwa ana ruhusa ya kulikataa. Mimi binafsi sijafika mahali pa kulitamka, bado naenda misibani na pole tu. Wala nisieleweke vibaya: simsemei mwanamke anayepigwa na mumewe akaambiwa avumilie kwa kuwa Yesu naye alivumilia. Huyo asaidiwe kuondoka. Mateso yanayoweza kuzuiwa yazuiwe kwanza, na meli zisijazwe.

Mama sasa ni mzee. Kila Mei tunampeleka Igoma kwa basi, maana ziwani hapandi. Anaimba vizuri, sauti ya kwanza, isipokuwa wimbo mmoja unaotaja bahari iliyotulizwa. Ukitangazwa huo anasimama na wenzake, anafunga kitabu, anangoja mpaka uishe.