Kabla Hujafuta Folda ya Data

Mdogo wangu unayeanza kazi ya ufundi wa kompyuta, simu ya namna hii utaipokea mapema tu: "Fundi, programu ilikuwa inasumbua, nimeitoa nikaiweka upya, sasa ndiyo haiwaki kabisa." Usimlaumu mteja. Ukiondoa programu kwenye Windows, kinachofutwa hasa ni kile kilicholetwa na kisakinishi. Vile ambavyo programu imevitengeneza yenyewe ikiwa kazini, kama mipangilio, logi (kumbukumbu za matukio) na hifadhidata, mara nyingi huachwa palepale. Toleo jipya likiingia linavikuta, na hapo ndipo ugomvi unapoanza.

Nitakueleza kwa MySQL, programu ya kutunza hifadhidata, kwa sababu ndiyo iliyonifunza kwa uchungu. Miaka yangu ya mwanzo niliitwa kwenye duka la dawa. Umeme ulikuwa umekatika ghafla, na mfumo wao wa stoo ukawa hauwasiliani na hifadhidata. Nikaiondoa MySQL, nikaisakinisha tena. Ikaniomba nywila ya zamani ya root, yaani mtumiaji mkuu wa MySQL. Mwenye duka hakuijua, na aliyeufunga ule mfumo alishahama mji. Nikaondoa, nikasakinisha, mara tatu, jibu lilelile. Mwishowe nikaingia C:\ProgramData\MySQL, folda ambayo Windows huificha, nikafuta kila kilichokuwemo kwa Shift na Delete. Safari hii kila kitu kikakubali. Nikafungua mfumo wa stoo mbele ya mwenye duka: hakuna dawa hata moja, hakuna deni hata moja la mteja. Bekapu pekee ilikuwa kwenye flashi, ya miezi minne nyuma. Tulikesha siku mbili tukijaza upya kutoka kwenye risiti na daftari, na yapo madeni ambayo hayakupatikana tena.

Kwa hiyo, yale uliyofundishwa kuyaita mabaki, ndani yake huenda ndiyo mali ya mteja. Siku hizi sifuti. Ninasimamisha sevisi, yaani ile sehemu ya MySQL inayofanya kazi kimyakimya nyuma ya pazia, kisha folda ya "MySQL Server 8.0" iliyomo ndani ya ile ya ProgramData naipa jina jipya, naongeza "_zamani" mwishoni. Kisakinishi kikija hakikuti kitu, kinaendelea, na data imelala salama pembeni. Ihifadhi folda nzima. Kuna wanaonakili kifolda cha hifadhidata moja tu wakadhani wameokoa kazi. Katika MySQL 8.0 orodha ya majedwali yote hukaa kwenye faili la mysql.ibd, nje ya kifolda hicho, na bila hilo majedwali hayafunguki kirahisi.

Tena nywila ya root iliyosahaulika haihitaji kusakinisha upya hata kidogo. Unaandika amri ya ALTER USER kwenye faili dogo la maandishi, unaiwasha MySQL kwa chaguo la --init-file, nywila inabadilika na data haiguswi. Laiti ningelijua hilo siku ile.

Baada ya data, soma kosa lenyewe polepole, maana kila baki lina malalamiko yake. Ukiambiwa sevisi ya MySQL80 tayari ipo, programu ilitoka lakini jina lake likabaki kwenye orodha ya Windows. Fungua dirisha la amri kama msimamizi uandike sc.exe delete MySQL80. Hiyo .exe usiiache: kwenye PowerShell inayokuja na Windows, sc peke yake ni amri nyingine kabisa, itakutengenezea faili linaloitwa "delete" na sevisi ibaki ilivyo. Ukijibiwa kwamba sevisi imewekewa alama ya kufutwa, funga dirisha la Services kwanza. Mara nyingi ndilo linaloishikilia. Likishindikana, washa mashine upya.

Kosa likitaja poti 3306, mlango wa mawasiliano ambao MySQL huutumia kwa kawaida, huenda hakuna baki lolote. Wanafunzi wengi wana XAMPP, furushi la programu za kujifunzia kutengeneza tovuti, nayo ina hifadhidata yake inayotumia poti hiyohiyo. Andika netstat -ano | findstr 3306. Namba ya mwisho kwenye mstari ndiyo ya mchakato ulioikalia, uitafute kwenye Task Manager.

Antivairasi ni habari nyingine. Hizo huacha draiva zilizozama ndani ya mfumo, na unaweza kukuta mtandao unakatika au ulinzi wa Windows wenyewe unakataa kuwaka. Usizifukuze kwa kufuta folda. Kampuni nyingi zinazozitengeneza hutoa kifaa maalumu cha kuziondoa; kipakue kwenye tovuti yao na ufuate maelekezo yao, ambayo wakati mwingine hutaka uwashe kompyuta kwenye Safe Mode, hali ambayo Windows huwasha vitu vya lazima tu.

Rejistri, ghala ambamo Windows hutunza mipangilio yake na ya programu, iguse mwishoni kabisa, na uhamishe nakala ya ufunguo unaotaka kuufuta kabla hujaufuta. Zile programu zinazojinadi kwamba zinasafisha rejistri kwa kubofya mara moja, mimi siziweki kwenye mashine ya mtu, na Microsoft wenyewe hawaungi mkono matumizi yake.

Ukikutana na Ubuntu, mfumo wa Linux badala ya Windows, jua kwamba apt remove huacha mipangilio na apt purge huiondoa. Ukiandika dpkg -l, vifurushi vyenye herufi rc mwanzoni mwa mstari ni vile vilivyotoka vikaacha mipangilio. Lakini purge ya MySQL inaweza kukuuliza kama ufute na hifadhidata. Soma swali hilo lote kabla hujabonyeza chochote.

Ile folda ya "_zamani" ninaiacha mpaka mwenye duka afunge hesabu za mwezi na kuniambia zimekubali. Hapo naihamishia kwenye diski ya nje mbele yake, naandika juu ya diski tarehe na jina la sevisi, namkabidhi.