Gundi "ikauke", "igande" au "ishike"?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninafanya kazi katika karakana ya pampu za visima hapa Tabata, Dar es Salaam. Nimepewa kazi ya kuandika kwa Kiswahili maelekezo ya gundi inayozuia maji kuingia kwenye nyaya za pampu. Niliandika hivi: "Gundi ya sehemu mbili inayoamshwa na joto kwa ajili ya kufunga nyaya za umeme dhidi ya vimiminika. Pasha moto kisha subiri ikauke." Fundi mkuu aliposoma alicheka, akasema hajui anaambiwa afanye nini. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Maneno yako yote yamo katika kamusi, na hapana hata moja ambalo fundi huyo halijui. Kilichomchekesha, nadhani, ni vitenzi, kwa sababu karibu kila kitenzi ulichokitumia kina kazi nyingine katika karakana hiyo hiyo mnayofanyia kazi.

Tuanze na "kufunga". Mjini hapa mtu akisema anafunga umeme, anafunga pampu au anafunga nyaya, tunaelewa kwamba anaviweka mahali pake vianze kutumika. Kwa hiyo "gundi ya kufunga nyaya" ni gundi ya kubandikia nyaya ukutani. Unachokitaka wewe ni "kuziba", kitenzi kile kile cha kuziba pancha na kuziba tundu la ndoo. Hata hapo ingefaa utaje kinachozibwa, maana waya wenyewe hauna tundu. Penye hatari ni pale unapoungwa na mwingine. Andika "kuziba maungio ya nyaya".

Hapa inabidi nieleze jambo la kiufundi, kwa kuwa ndilo linaloamua maneno. Waya mwingi wa pampu, ndani ya ganda lake la plastiki, si kipande kimoja cha shaba bali ni nyuzi nyembamba nyingi zilizosokotwa pamoja, na kati ya uzi na uzi huwa pana nafasi ndogo isiyoonekana kwa macho. Maji yakipata mlango kwenye ungio husafiri katika nafasi hizo kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa kibatari, yakaenda mbali na mahali yalipoingilia. Ndiyo maana utepe wa kuzungushia juu pekee hautoshi kisimani: gundi inatakiwa iwe nyepesi kwanza, ipenye katikati ya nyuzi, ndipo iwe ngumu. Ukishaliona hilo, "dhidi ya vimiminika" inaanza kuonekana nzito bila sababu. Kiswahili kina kauli nzuri zaidi kwa jambo hili: "nyaya zisiingiwe na maji". Kama gundi hiyo hiyo inatumika pia kwenye magari, ambako adui ni mafuta ya injini au ya breki, sema "maji wala mafuta", na "vimiminika" ukiache kwa kitabu cha fizikia.

Sasa "ikauke", ambalo kwangu ndilo kosa kubwa kuliko yote. Nguo hukauka, dagaa hukauka, na gundi nyeupe ya maseremala hukauka, kwa sababu katika vyote hivyo maji hutoka na kupotea hewani. Katika gundi ya kuchanganya, kama zile za epoksi, hapana maji yanayotoka. Kiambato kimoja hukutana na kingine, yaani kigumishi, na molekuli zao hushikana pande zote mpaka zikawa kama wavu mmoja. Hata ukiifungia mahali pasipo na hewa, kazi hiyo itaendelea. Fundi aliyeambiwa asubiri ikauke ataiweka kwenye upepo wa feni, nao upepo huo utaipoza gundi ambayo ilikuwa inahitaji moto.

Wengine wangekushauri uandike "igande". Samli huganda, damu huganda, na nta ya mshumaa huganda. Neno hilo linaifaa sana gundi ya vijiti, ile inayoyeyushwa kwa bastola ya umeme: ikipoa inaganda, ukiipasha tena inayeyuka, kama samli ya jana. Baadhi ya mipira ya kuvika kwenye maungio, inayonywea ikipashwa moto, imepakwa ndani gundi ya namna hiyo. Gundi yako ya viambato viwili haina tabia hiyo. Ikishapata moto wake na kumaliza kazi, iko kama yai lililochemshwa: ukiirudisha motoni haitarudi kuwa uji, na moto ukizidi itaungua. Msomaji akiambiwa "imeganda" ana haki ya kudhani kwamba anaweza kuiyeyusha tena akikosea.

Neno lipo, na mafundi wanalo kila siku. Waashi husema saruji imeshika, na saruji nayo, ukitazama vizuri, haigeuki jiwe kwa kukaushwa na jua; tena tunaimwagilia maji ili ishike vizuri. Ninapendelea "ishike" kwa sababu linatamkika, linaeleweka, na kwa bahati linaeleza kile kile kinachotokea ndani, yaani kushikana. Ulitenge tu na "kunata". Gundi iliyoshika hainati kidoleni, na iliyo mbichi inanata lakini bado haijashika.

Kuhusu "inayoamshwa na joto", sikatai kwamba gundi inaweza kulala. Katika aina fulani kigumishi hukaa kimya hadi moto ufike, na wataalamu wangesema "huamilishwa". Lakini maelekezo ya karakana yana njia fupi: "inayoshika ikipashwa moto". Nayo "ya sehemu mbili" ina utata, kwani inaweza kusomwa kama gundi ya kupaka mahali pawili. Sema "ya viambato viwili".

Uliniuliza pia, pembeni, kama badala ya "gundi" utumie "ulimbo" au "sandarusi". Ulimbo ni wa kunasia ndege. Sandarusi ni utomvu mgumu wa msandarusi, ambao katika karne ya 19 ulichimbwa ardhini katika pwani yetu hii na kupelekwa Ulaya na Marekani kutengenezea vanishi. Ni neno zuri lenye historia, lakini ni jina la kitu kimoja mahususi na lisichukuliwe kwa kila kinachonata. Baki na "gundi", nayo ni mgeni aliyetufikia kutoka lugha za Bara Hindi na leo hakuna anayemuuliza hati ya kusafiria. Wala usiogope "nyaya" kama wingi wa "waya": neno la Kiingereza limeingizwa katika safu ya "wayo" na "nyayo" na limetulia humo.

Maelekezo yako, basi, ningeyaandika hivi: "Gundi ya viambato viwili, inayoshika ikipashwa moto, ya kuziba maungio ya nyaya za umeme zisiingiwe na maji. Pasha moto ungio lote mpaka gundi ipenye kati ya nyuzi, kisha usiliguse wala usilizamishe kisimani kabla gundi haijashika." Mpe fundi mkuu aisome kwa sauti.