Mbona kurudi kutoka Mumbai ni karibu kuliko kwenda?

SWALI: Mhariri, ninamsindikiza mama yangu mdogo kwenda kutibiwa India. Tiketi yetu inaonyesha kwamba ndege itaondoka Dar es Salaam 16:00 na kutua Mumbai 00:30, ilhali siku ya kurudi itaondoka 08:00 na kutua Dar es Salaam 11:45. Kwenda ni saa 8 na nusu, kurudi hazifiki hata 4! Je, ndege hupita njia mbili tofauti? Na kutoka kwetu hadi huko ni kilomita ngapi?
Msomaji, Mikindani, Mtwara

JIBU: Ndugu msomaji, njia ni ile ile. Kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni saa ya mji ambao ndege inaondoka au inatua, na India, kwa kuwa iko mashariki yetu na jua huwachomozea wao kwanza, imetutangulia kwa saa 2 na nusu. Kwa hiyo itakapokuwa 00:30 Mumbai, Mikindani bado itakuwa saa nne usiku. Ukihesabu tangu saa kumi jioni mlipoondoka, unapata saa 6. Siku ya kurudi, 08:00 ya Mumbai ni saa kumi na moja na nusu alfajiri ya kwetu, na kutoka hapo hadi 11:45 ni saa 6 na robo. Robo hiyo ya ziada si ajabu, kwani upepo wa juu, kwenye kimo cha kilomita 10 au 11, huweza kuisukuma ndege au kuizuia. (Huo si kusi wala kaskazi ya manahodha wenu, hizo ni pepo za chini.)

Kutoka Dar es Salaam hadi Mumbai ni takriban kilomita 4,680 za anga. Ndege kubwa ya abiria hukata kama kilomita 850 kwa saa, jambo ambalo lingeipa safari saa 5 na nusu; nusu saa inayobaki huliwa na kujongea uwanjani, kupaa na kushuka. Kutoka Mtwara mstari ulionyooka ungekuwa kama kilomita 4,850, lakini kwa kuwa mnaanzia Dar es Salaam, kilomita 400 hivi kwa ndege, jumla inafika 5,080.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni kusoma saa zenyewe. Hiyo 00:30 ni ya tarehe inayofuata, nanyi mumwambie hivyo atakayewapokea. Na 08:00 ni saa mbili asubuhi, wala si saa nane: mkifika uwanjani saa nane mchana ya Mumbai, ndege yenu itakuwa imebakiza robo saa tu kutua Dar es Salaam.