Maswali ya Wasomaji: Mara Mwezi wa Agosti au Februari, na Tulale Wapi?

SWALI: Mhariri, pokea salamu zetu kutoka Buruburu. Mimi na mume wangu tumeweka akiba ili tuwapeleke watoto wetu watatu Maasai Mara kwa siku tatu wakati wa likizo ya Agosti, na shemeji yangu, ambaye ni raia wa Uingereza, ataungana nasi. Bei za mwezi huo zimetushtua. Tumepata nyumba ya wageni ya bei nafuu mjini Narok, na loji iliyo ghali zaidi karibu na lango la Sekenani. Je, tuahirishe safari? Na je, mahali pa kulala pana uzito gani ikiwa wanyama ni wale wale? – Mama wa Watatu

JIBU: Mama wa Watatu, nianze na nyumba ya Narok kwa kuwa ndiyo rahisi kuamua: iacheni. Kutoka Narok hadi Sekenani ni mwendo wa zaidi ya saa moja, hata sasa ambapo barabara ina lami, na lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Simba na fisi huwinda zaidi usiku na kuendelea hadi jua linapochomoza. Ikifika saa nne simba wengi wamekwisha kujilaza vichakani, na mgeni aliyelala mjini hujikuta akiingia mbugani wakati wao wanaingia kivulini. Sehemu ya pesa mtakazookoa kwenye chumba itamezwa na mafuta ya gari, na lililo baya zaidi ni kwamba mtakuwa mmelipa kiingilio cha siku nzima na kuambulia saa zake mbovu. Anayelipia kitanda karibu na mbuga hununua saa mbili za asubuhi na mapema na saa mbili za kabla ya magharibi, na mimi huipima bei ya loji kwa saa hizo kabla sijatazama picha za bwawa la kuogelea.

Kuhusu Agosti, jiulizeni kwanza watoto wanataka kuona nini. Nyumbu, ambao idadi yao hupita milioni moja, hufuata nyasi zinazochipuzwa na mvua, na kwa kawaida makundi makubwa huwa upande wetu wa mpaka kati ya Julai na Oktoba. Ikiwa shauku ya watoto ni kuwaona wakivuka Mto Mara penye mamba, Februari haitawafaa hata kidogo, kwa maana wakati huo nyumbu wako kusini mwa Serengeti wakizaa. Hata hivyo, msimwamini dereva anayewaahidi kivuko: kundi huweza kusimama ukingoni asubuhi nzima, likapiga hatua mbili kuelekea majini, kisha likageuka na kurudi malishoni. Kwa safari ya siku tatu hilo ni suala la bahati, na bahati hiyo huhitaji mlale mahali panapostahili. Vivuko viko upande wa magharibi, mbali na Sekenani, hivyo anayekwenda kwa ajili ya mto atafute malazi upande wa Talek au, akiweza, ng'ambo ya mto katika eneo la Mara Triangle. Sekenani humfaa zaidi anayetoka Nairobi kwa gari na ambaye haja yake ni wanyama kwa jumla.

Kama haja yenu ni hiyo ya pili, basi ningeahirisha. Simba wa Mara wana maeneo yao na hawawafuati nyumbu hadi Tanzania. Duma, ndovu, twiga na nyati nao hupatikana mwaka mzima. Januari na Februari kwa kawaida huwa kiangazi, barabara za ndani hupitika, magari huwa machache na loji nyingi hushusha bei. Shule hazifungwi kwa muda mrefu wakati huo, lakini mapumziko ya katikati ya muhula wa kwanza, ambayo aghalabu huangukia mwisho wa Februari au mwanzo wa Machi, yanatosha kwa usiku mbili. Msisogeze safari hadi Aprili, kwa sababu mvua ya masika huugeuza udongo mweusi wa Mara kuwa utelezi unaonasa hata magari makubwa, na majani marefu huwaficha simba.

Shemeji naye ana hesabu yake. Kiingilio hutegemea uraia au ukazi, na tangu 2024 Kaunti ya Narok humtoza mtu mzima asiye mkazi dola 100 kwa siku kuanzia Januari hadi Juni, na dola 200 kuanzia Julai hadi Desemba. Popote mtakapolala, ulizeni mapema saa ya mwisho ya kutoka mbugani siku ya kuondoka, msije mkatozwa siku nyingine kwa sababu ya kifungua kinywa kilichochelewa.

Mtasikia pia sifa za hifadhi za jamii kama Naboisho na Olare Motorogi, ambako idadi ya magari hudhibitiwa, na wageni huruhusiwa kutembea kwa miguu au kuzunguka usiku wakiwa ndani ya gari. Sifa hizo ni za kweli, lakini kwa familia ya watu sita gharama yake ni kubwa.

SWALI: Mimi ni mstaafu wa South C. Mke wangu anatamani kuona ndovu na Mlima Kilimanjaro kwa pamoja. Twende Amboseli lini?

JIBU: Mzee wetu, chagueni Januari, Februari, au kipindi cha Juni hadi Oktoba. Wakati wa kiangazi ndovu hukusanyika kwenye vinamasi vinavyolishwa na maji ya chini ya ardhi kutoka mlimani, ilhali mvua ikinyesha hutawanyika nje ya mbuga. Mlima wenyewe, wenye urefu wa mita 5,895, uko Tanzania, na mara nyingi huonekana asubuhi na mapema au jioni, kisha mawingu huufunika mchana kutwa. Kwa hiyo laleni usiku mbili, ili asubuhi moja ikiharibiwa na mawingu mbaki na nyingine, na mnapoagiza chumba ombeni chenye baraza linalotazama kusini. Kiangazi cha Amboseli kina vumbi jingi. Kama mmoja wenu ana matatizo ya kifua, beba barakoa na dawa zake, na mwombe dereva asifuate gari jingine kwa karibu.