Matone 40 ya olspaisi na shingo iliyowaka moto

SWALI: Anti shikamoo. Mi natengeneza mafuta ya mwili na sabuni hapa nyumbani Mbagala, nauza kwa majirani na kwenye statasi yangu ya WhatsApp. Juzi nilinunua Kariakoo kachupa ka mililita 10 ka mafuta ya olspaisi, harufu tamu balaa, nikatia matone 40 kwenye chupa ya mililita 100 ya mafuta ya nazi. Mteja wangu kapaka shingoni akitoka kuoga, nusu saa haijaisha vipele vimemtoka na shingo inawaka kama kapakwa pilipili. Muuzaji aliniambia ni ya asili, hayana madhara. Nimekosea wapi? Na yaliyobaki naweza kutia kwenye pilau na keki badala ya mbegu?
Mama Wawili, Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla ya yote mwambie huyo mteja aache kupaka, kama bado ngozi ina mafuta ayafute na mafuta ya kula ya kawaida kwenye kitambaa ndo aoshe kwa sabuni isiyo na harufu, na akiona malengelenge au uso unavimba aende hospitali asisubiri kesho. Halafu mrudishie hela yake.

Sasa tuje kwako. Olspaisi watu wengi wanadhani ni mchanganyiko wa viungo kama pilau masala, kumbe ni tunda la mti mmoja wa kule Jamaika na Amerika ya Kati, linachumwa bichi linakaushwa hadi linafanana na pilipili manga iliyonenepa, ndo hizo tunazoziita mbegu. Ukilitafuna unapata karafuu, mdalasini na kungumanga kwa mpigo. Karafuu ndo inayotawala, na sababu ni kwamba mafuta yake sehemu kubwa ni yujenoli, dutu ile ile iliyojaa kwenye mafuta ya karafuu na ya makonyo ya Pemba. Kwa hiyo kama unajua mafuta ya karafuu yanavyochoma ukiyagusisha kwenye fizi, basi hayo uliyompaka mteja ni ndugu yake wa damu.

Ulipokosea ni kipimo. Tone moja la dropa ya kawaida ni kama sehemu moja ya ishirini ya mililita, kwa hiyo matone 40 ni mililita 2, na ndani ya chupa ya 100 hiyo ni asilimia 2. Wataalamu wa usalama wa mafuta haya wanasema ya olspaisi kwenye ngozi yasizidi asilimia 0.15, yaani kwenye chupa yako hiyo matone 3. Matatu! Ulizidisha zaidi ya mara kumi mwanangu. Karafuu wanairuhusu hadi asilimia 0.5, ila olspaisi wameibana zaidi kwa sababu ina dutu nyingine inaitwa methiliyujenoli, ambayo mwaka 2023 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Ulaya pafyumu iliyokamilika hairuhusiwi kuzidisha asilimia 0.01 ya hiyo methiliyujenoli, na losheni za kukaa na ngozi kiwango chake ni kidogo zaidi ya hapo. Kwa hiyo hata ukihamia kwenye pafyumu usidhani ndo umepata uwanja wa kumimina.

Na usijidanganye na ile ya kupaka kidogo kwenye kiwiko ukaona kimya ukasema basi iko fresh. Mzio wa yujenoli unaweza kujijenga polepole, mtu anapaka wiki tatu bila shida, ya nne anaamka anajikuna, na ukishamkaa mwilini hata tone dogo baadaye linamuamsha.

Nunua mizani ya digito inayosoma sehemu ya gramu, acha kuhesabu matone maana dropa hazilingani. Ila pimia kwenye glasi au bakuli la stili. Mi niliwahi kupimia mafuta ya karafuu kwenye kile kikombe cha plastiki kigumu cha kutupa, simu ikaita nikaenda kuongea na dada yangu, na unajua dada akianza stori, narudi nakuta kitako cha kikombe kimelainika kinanata mezani kama jojo. Yujenoli inakula plastiki ya aina hiyo. Hata ule mpira wa dropa usiuache umening'inia ndani ya chupa miezi, tia kifuniko cha kawaida.

Sabuni nayo ina vituko vyake. Ukitia haya mafuta kwenye mchanganyiko wa kostiki, ile soda kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, unaganda ghafla, unakoroga mara moja mara mbili mwiko unasimama wenyewe, na sabuni ikikauka inageuka rangi ya chai. Kwa hiyo yatie mwisho kabisa, molidi zikiwa tayari zimepangwa, na usipange kuuza sabuni nyeupe. Mafuta ya watoto usiyatie kabisa. Na kama unauza kwa watu, kaulizie TBS utaratibu wa usajili, vipodozi viko kwao tangu 2019 vilipotoka TFDA.

Haya, jikoni. Mbegu kavu zikikamuliwa zinatoa mafuta kama asilimia 3 hadi 4 na kidogo, kwa hiyo hako kachupa kako ka mililita 10 ni karibu theluthi ya kilo ya mbegu. Tone moja ni zaidi ya nusu kijiko cha chai cha olspaisi ya unga, sasa nani anatia tone tatu nne kwenye pilau ya watu wanne? Wataalamu wa chakula wa Umoja wa Mataifa wameweka kikomo cha yujenoli miligramu 2.5 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtu mzima wa kilo 60 ni miligramu 150, tone tatu tu kashakaribia kufika, na mtoto wa kilo 12 tone moja peke yake linampitisha. Halafu haya mafuta ni mazito kuliko maji. Jaribu kudondosha tone kwenye glasi ya maji, utaliona linashuka taratibu hadi chini linakaa pale kama shanga. Ukitia kwenye jagi la juisi ya tangawizi ndo hivyo hivyo, wa kwanza kunywa atasema haina ladha na wa mwisho ataungua koo.

Ushauri wangu ni kwamba pilau tia mbegu zako tano sita, basi, hakuna unachokosa. Keki kama umeng'ang'ania, kwanza hakikisha chupa imeandikwa ni ya chakula, halafu changanya tone moja na vijiko vinne vya mafuta ya kula, chukua kijiko kimoja tu cha huo mchanganyiko kwa keki ya kilo. Kama chupa haina maandishi hayo isiingie jikoni kabisa. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini, na mjamzito, asiyatumie kwenye chakula.

SWALI: Anti, mwanangu anaota meno analia usiku kucha. Bibi yake kasema nimpake hayo hayo mafuta ya olspaisi kwenye fizi kwa kidole. Nimpake?
Baba Mpya, Tandika

JIBU: Hapana, na msalimie bibi. Wapo watoto waliomeza mililita 5 hadi 10 za mafuta ya karafuu wakazimia na ini likaharibika, na haya ni jamii hiyo hiyo. Mpe kitambaa safi kilichopoa kwenye friji atafune, homa ikipanda mpeleke zahanati. Kachupa kenyewe kaweke juu kabisa ya kabati, na ikitokea kameza usimtapishe wala usimpe maziwa kwanza, shika chupa mkononi umkimbize hospitali wakaisome wenyewe.