Kabla Hujachapa Stika Elfu Moja

Kabla hujachapa jina la bidhaa yako kwenye pakiti, hakikisha unaweza kulimiliki. Tarehe 9 Januari 2007, Steve Jobs alipanda jukwaani San Francisco akaonyesha simu mpya ya Apple na kuitaja kwa jina: iPhone. Kesho yake Cisco, kampuni ya vifaa vya mtandao, ikakimbilia mahakamani. Jina lilikuwa lao. Walilipata mwaka 2000 waliponunua kampuni ndogo iitwayo InfoGear, ambayo iliomba kulisajili tangu 1996, na Desemba 2006 chapa yao ya Linksys ilikuwa imeshaingiza sokoni simu za intaneti zenye jina hilohilo.

Watu wa kawaida walikuwa wakibishania mambo mengine kabisa. Dola 499 kwa simu ya GB 4, dola 599 kwa ya GB 8, na juu yake mkataba wa miaka miwili! Haina vitufe, betri haitoki, 3G haina. Steve Ballmer wa Microsoft aliicheka bei hiyo hadharani. Lakini makelele ya bei yana dawa: Septemba mwaka huohuo ile ya dola 599 ilishushwa hadi 399, na waliowahi kununua, wakiwa wamekasirika, wakatulizwa kwa hati ya dola 100 ya kununulia bidhaa za Apple. Jina halina dawa rahisi namna hiyo. Watu walikuwa wameiita simu hiyo iPhone miaka kadhaa hata kabla haijaonyeshwa. Tarehe 21 Februari 2007 kampuni hizo zilipatana kwamba zote mbili zitalitumia.

Apple ina mawakili wa kutosha na fedha za kukaa mezani. Mpakiaji wa kahawa wa Mbozi au muuza chaja wa Mwanjelwa aliyeagiza maboksi yenye jina lake hana hivyo vyote, na akiambiwa abandue, anabandua.

Kosa tunalokutana nalo zaidi Nyanda za Juu Kusini ni kuchanganya vyeti. Cheti cha jina la biashara kilichotundikwa ukutani kinasema wewe ni nani unayefanya biashara. Hakikupi miliki ya jina lililoandikwa kwenye pakiti. Hilo ni suala la alama ya biashara, yaani jina au mchoro unaotambulisha bidhaa yako, na ingawa vyote viwili vinatoka BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, ni maombi mawili na ada mbili. Ukiwa na namba ya NIDA unafungua akaunti kwenye mfumo wao wa mtandaoni, unajaza, unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu. Huna haja ya kupanda basi kwenda Dar es Salaam.

Kazi kubwa ni upekuzi, yaani kuangalia kama jina limeshachukuliwa, na hapa usiwe na haraka. Usitafute jina kama ulivyoliandika tu; litafute linavyosikika. Mexico kulikuwa na kampuni ya iFone iliyosajili jina lake 2003, na Apple ilijaribu kulifuta ikashindwa. Japani, Aiphone ni watengenezaji wa kengele za mlangoni zenye spika, na Apple hutumia jina la iPhone huko kwa leseni yao. Kwa hiyo kama umechagua jina lenye R, tafuta na la L; lenye K, tafuta na la C; andika maneno yakiwa yameungana, andika yakiwa yametengana. Kisha toka ofisini: zungukia rafu za maduka ya Kabwe na Soko Matola, tazama Instagram, mpigie mtu wa Kariakoo. Aliyetumia jina miaka mingi bila kulisajili bado anaweza kukusumbua.

Majina mengine hukwama kwa sababu ni maelezo tu. “Mchele Safi wa Kyela” au “Kahawa Bora ya Mbeya” ni maneno ambayo kila muuzaji ana haki ya kuyasema, hivyo usitegemee kupewa peke yako. Jina lisiloeleza bidhaa ndilo lenye nguvu. Na kama fedha inatosha ombi moja tu, sajili neno lenyewe kwa herufi za kawaida. Mchoro wa mlima au mgomba utaubadilisha mwakani, neno litabaki.

Madaraja, yaani makundi ya bidhaa na huduma ambamo jina husajiliwa, ndiyo yanayowatoa watu jasho. Yapo 45. Simu na chaja ni daraja la 9; kahawa, mchele, unga na asali ni 30. Parachichi ni mtihani: tunda bichi ni 31, mafuta yake ya kula ni 29, mafuta ya kupaka ngozi ni 3. Ukisajili la 31 pekee, wa Njombe anayekamua mafuta anaweza kuomba jina hilohilo kwenye 3 na akakupa kazi ya kubishana. Kila daraja ni ombi lake, kwa hiyo anza na lile unalouza leo.

Ombi likikubaliwa hutangazwa, na wengine wana siku 60 za kuweka pingamizi. Usajili hudumu miaka 7 ya kwanza, kisha unahuishwa kila baada ya miaka 10. Hakikisha mwombaji ni wewe au kampuni yako. Msambazaji “atakayekusaidia kujaza” asijiandike mwenyewe. Ile R ndani ya duara, ishara ya jina lililosajiliwa, usiiweke kabla cheti hakijatoka.

Mpaka ni mpaka. Cheti cha Tanzania Bara hakivuki Tunduma kwenda Zambia wala Kasumulu kwenda Malawi, na Zanzibar ina ofisi yake. Apple ililinunua jina la iPad kwa pauni 35,000 kutoka kwa kampuni ya Proview ya Taiwan, kumbe kwa China Bara mwenye usajili alikuwa Proview ya Shenzhen. Mwaka 2012 ikalipa dola milioni 60 kumaliza ugomvi.

Kuhusu uchapaji: wakati ombi linasubiri, nunua mifuko mitupu na ubandike stika, 200 kwa mkupuo. Stika hubanduliwa ukabandika nyingine. Mifuko iliyochapwa jina moja kwa moja iagize siku 60 zikipita bila pingamizi.